Msiba wa Mtu Aliye Hai

Emiliana hakuwa mshabiki wa pikipiki. Alikuwa mshabiki wa mdogo wake, Denis, na hilo lilimtosha kufunga kibanda chake cha cherehani pale Miyuji na kupanda basi dogo la Kosta kwenda Nairobi. Denis alianza kama bodaboda kwao Bahi, akibeba magunia ya mpunga na akina mama wenye uchungu wa kuzaa kwenye njia ambazo masika huzigeuza uji. Halafu mtu mmoja akamwona, akamwazima pikipiki ya mashindano, na kila Jumapili akawa anaruka kwenye vilima vya nyuma ya Chimwaga, kule chuo kikuu, mpaka wanafunzi wakaacha vitabu na kutoka kumtazama. Sasa alikuwa anakwenda kushindana nje ya nchi, na Dodoma ilikuwa imepata la kuzungumza.

Safari aliiandaa Harithi, kijana wa mjini, mtoto wa wafanyabiashara, mwenye ulimi wa asali. Yeye ndiye mwenyekiti wa kikundi cha mashabiki kilichojiita Vumbi la Kati, na ukurasa wake mtandaoni ulikuwa na wafuasi hata Mwanza. Simu yake haikushuka mkononi. Tangu Kondoa mpaka Babati, tangu Namanga mpaka Nairobi, aliwarekodi wenzake wakiimba, wakitafuna mahindi, wakisinzia midomo wazi. Emiliana alicheka pamoja nao. Alimpenda Harithi. Ndiye aliyepiga kelele za jina la Denis wakati hakuna aliyelijua, na Emiliana hakulisahau hilo hata baadaye. Kutolisahau ndiko kulikozidi kumchoma.

Uwanja ulikuwa nje kidogo ya jiji, matuta matupu ya udongo mwekundu yaliyozungushiwa kamba. Jumamosi mchana Denis aliondoka vizuri, akawapita wawili kwenye kona, na watu wa Dodoma wakapandwa na wazimu juu ya mabenchi. Kisha akaruka tuta kubwa, gurudumu la mbele likatua upande, akaanguka chini kabisa ya mteremko, mahali ambapo wanaotoka nyuma hawawezi kumwona. Pale juu alikuwapo mtu wa bendera. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuipunga ili wengine wapunguze mwendo. Alisimama nayo mkononi, kinywa wazi, kama aliyesahau kilichomleta. Pikipiki nyingine ikaja hewani ikamwangukia Denis mwilini.

Emiliana hakumbuki alivyoivuka kamba. Anakumbuka sauti ya Harithi nyuma yake: "Nenda, dada Emi! Mkoba ninao mimi!"

Ndani ya gari la wagonjwa Denis alifumbua macho akaomba maji. Mguu wake mmoja ulikuwa umeelekea kusikoelekea mguu wa mtu. Hospitali walimwingiza moja kwa moja chumba cha upasuaji, na Emiliana akabaki kwenye kiti cha plastiki, vumbi limemganda usoni, akisali bila kumaliza sala hata moja. Jua lilikuwa linaelekea kuzama daktari alipotoka.

"Paja limevunjika, na mtulinga, na mbavu," alisema. "Lakini atapona. Kutembea atatembea."

Alilia hapo alipokaa. Alipokwisha kulia ndipo akamkumbuka mama. Simu yake ilikuwa mkobani, na mkoba ulikuwa kwa Harithi. Namba ya mama ndiyo pekee aliyoijua kwa moyo, basi akamwomba nesi simu, akapiga.

Iliita sana. Aliyepokea ni mjomba wake, Eliakimu, na nyuma yake Emiliana alisikia watu wengi na sauti za wanawake wakilia.

"Mjomba, shikamoo. Ni mimi Emiliana."

"Marahaba, mwanangu." Mjomba akavuta pumzi. "Pole. Pole sana. Mwili mnauleta lini?"

"Mwili gani?"

"Wa Denis, mwanangu."

Emiliana aliushika ukuta.

"Tumeona kwenye simu," mjomba aliendelea kwa upole wa mtu anayeongea na mfiwa. "Jirani yetu Matonya ndiye aliyeileta mashineni, mama yako akikoboa mpunga. Akamwona mwanawe anaangukiwa. Tukakupigia, ikawa inaita hupokei, inaita hupokei. Halafu ikazimwa kabisa. Tukajua huna la kutuambia. Watu wameshajaa hapa. Ng'ombe tumeshamwangusha."

"Mjomba, Denis hajafa! Amevunjika mguu! Yuko hai!"

Mjomba akapaza sauti kwa Kigogo, na kilio cha kule kikavurugika: wengine wakanyamaza, wengine wakapiga vigelegele, na wale wa mbali ambao hawakusikia wakaendelea kulia. Simu ikapita mikononi mwa watu. Kisha pumzi tu.

"Mama," Emiliana aliita.

"Unanidanganya ili nilale."

"Sikudanganyi, mama. Naapa."

"Mpe nimsikie."

"Amelala. Wamemchoma sindano ya usingizi."

"Basi amekufa," mama akasema, na simu ikakatika.

Usiku ule wote mama alikaa kwenye mkeka wa msiba, akikataa chakula, na hakuna aliyemtoa. Aliinuka Jumapili asubuhi tu, Denis alipozinduka, wakamwekea simu sikioni, naye akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Mama, acha kulia, nina njaa."

Saa hiyohiyo Harithi alikuwa getini pa hospitali. Alikuwa amevaa fulana ya kikundi, bendera ya taifa shingoni, mkoba wa Emiliana begani. Kosta ilimsubiri barabarani na injini ikinguruma. Ilikuwa siku ya pili ya mashindano.

"Dada Emi! Mgonjwa anaendeleaje? Watu wanamwombea sana, huwezi amini."

Emiliana alichukua mkoba, akaitoa simu, akaiwasha. Jina la mama lilijaza kioo kutoka juu hadi chini, kila mstari mama, mama, mama.

"Ilikuwa inaita," alisema.

"Iliita, ndiyo."

"Uliona ni nani?"

Harithi alitazama viatu vyake. "Niliona. Sasa ningemwambia nini, dada? Mimi mwenyewe nilikuwa sijui hali yake. Niliogopa. Ndiyo nikaizima."

"Kumwambia mama yangu hujui, uliogopa. Kuwaambia watu wa Mwanza hujui, hukuogopa." Alifungua ukurasa wa Vumbi la Kati, akamgeuzia kioo. Video ilikuwa pale, Denis anaanguka, pikipiki inamwangukia, tena polepole, kisha tena. Juu yake maandishi makubwa: *Pigo kwa Dodoma! Kijana wetu ametutoka?*

"Niliweka alama ya kuuliza," Harithi alisema.

Emiliana alikuwa hajawahi kumpiga mtu mzima. Mkono ulinyanyuka wenyewe, na ulinyanyuka ukabaki hewani, kwa sababu aliona kofi lingekuwa rahisi mno kwake. Lingemalizika hapo, na Harithi angepanda Kosta akiwa amelipa.

"Alama ya kuuliza," alirudia. "Mama yangu anasoma kwa kuungaunga herufi, Harithi. Ile alama yako alipaswa aijue vipi? Watu wamechinja ng'ombe wetu. Mjomba ameniuliza mwili tunauleta lini. Mwili! Na wewe umelala na simu yangu imezimwa chini ya mto!"

Mashabiki wengine walikuwa wamechungulia madirishani. Mmoja alikuwa ameshanyanyua simu yake kurekodi, na Emiliana alipomgeukia aliishusha haraka.

"Nisamehe, dada. Naifuta sasa hivi."

"Kwanza mpigie mama. Mwambie kwa kinywa chako."

"Nimwambie nini?"

"Ulichokifanya."

Akapiga kwa simu ya Emiliana, jasho likimtoka. "Shikamoo mama. Mimi Harithi, wa mashabiki… Ile picha niliiweka mimi. Na simu ya dada nilikuwa nayo mimi, nikaizima. Naomba radhi, mama." Akasikiliza. Alipoirudisha simu, Emiliana hakuuliza alichoambiwa, lakini Harithi mwenyewe alisema, kama anayejisemea, "Ameniuliza kama mama yangu yu hai. Nimesema ndiyo. Akasema, msalimie. Akakata."

Kosta iliondoka kwenda uwanjani. Harithi alipanda nayo.

Denis aliruhusiwa baada ya muda, akasafirishwa hadi nyumbani amenyooshwa kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo. Vumbi la Kati walitaka kumpokea mjini kwa msafara na honi. Emiliana alimwambia dereva apitilize asisimame mpaka Bahi. Mama alimpapasa Denis uso, mabega, kifua, kama anayetafuta mahali walipomdanganya.

Harithi alikuja wiki iliyofuata, pamoja na baba yake mkubwa, Mzee Abubakari. Walikaa kwenye mkeka, wakasema maneno yote yanayostahili. Walileta na ng'ombe, mzuri kuliko yule aliyechinjwa. Denis, mguu kwenye plasta, alicheka na kumwita Harithi mwenyekiti. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yameisha, akaagiza wageni waletewe maji.

"Emiliana, walete maji."

"Mama, umesamehe, na ni haki yako," Emiliana alisema akisimama. "Mimi bado."

"Dada, jamani," Denis alisema. "Bila Harithi nani angenijua?"

"Najua. Ndiyo maana bado."

Mzee Abubakari aliinamisha kichwa, hakumlaumu. Emiliana aliwapita wote, akachukua debe bovu lililokuwa ukutani na fimbo, akashuka kwenye majaruba. Mpunga ulikuwa umeanza kukomaa na ndege walikuwa wametua kama wingu. Alilipiga debe, akapiga ukelele, ndege wakaruka, wakazunguka, wakatua jaruba la pili. Akawafuata huko tope likimfika magotini, akipiga na kupiga, na kelele zake zilisikika mpaka mkekani, ambako mama alikuwa ameinuka mwenyewe kwenda kuteka maji ya wageni.