Bibi wa Utani

Siku Scovia alipofika Kosele kama bibi arusi, mtu wa kwanza kumwita "bibi yangu" hakuwa mumewe. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye mdomo mpana kuliko mabega, aliyempokea mfuko mlangoni na kusema, "Karibu, bibi yangu. Huyu Boaz nilimtuma tu akulete. Mimi safari zinanichosha."

Scovia ni Mkuria, wa huko Migori karibu na mpaka. Alisimama na kiatu kimoja mkononi akingoja kuona nani atapigwa. Hakupigwa mtu. Boaz, bwana arusi mwenyewe, alikuwa ameegemea ukuta anacheka. Na alivyocheka! Kama pikipiki inayowashwa asubuhi yenye baridi: hu-hu-hu, ikazimika, hu-hu, halafu ikashika kabisa.

"Huyo ni mdogo wangu, Bravin," alisema akijifuta macho. "Kwetu shemeji ana ruhusa. Na wewe pia una ruhusa ya kumjibu."

"Nimjibu?"

"Bila huruma."

Scovia akamtazama yule kijana kutoka juu hadi chini. Alikuwa ameambiwa njiani kwamba ni kinyozi. "Kama mimi ni bibi yako," akasema, "mahari ulilipa na nini? Na nywele?"

Pikipiki ikawaka tena. Tangu hapo nyumba ikawa hivyo. Scovia hakujua Kijaluo zaidi ya *yuora*, shemeji yangu, na wao Kikuria hawakukijua hata salamu, kwa hivyo utani wote ulifanyika kwa Kiswahili, tena kile cha sokoni, kisichojali sarufi. Bravin angepita jioni akitoka kinyozini na kuuliza kama bibi yake amepika au amechemsha mawe. Scovia angejibu kwamba mawe yameisha, ameyakula yote Boaz, mume wa mchana. Boaz angecheka. Kazi yake ilikuwa hiyo, kucheka, na aliifanya kwa bidii kama alivyofanya useremala wake.

Kisha chapati ikamkwama Boaz kooni.

Walidhani ni haraka ya kula. Wiki chache baadaye ugali nao ukakataa kushuka, hata ukilainishwa na mchuzi wa samaki. Wakaenda Homa Bay, wakapimwa, wakarudi, wakaitwa tena. Daktari aliwaeleza taratibu, macho yake yakiwa mezani, kwamba kuna uvimbe kooni, umechelewa kuonekana, na sasa watakachopigana nacho ni maumivu. Ndani ya gari wakirudi, walipofika Oyugis, Boaz akamgeukia mkewe.

"Msinililie mapema," akasema. "Mtapata nafasi ya kutosha."

Basi Scovia akapika uji wa wimbi mwembamba kama maji ya kuoshea mikono, na Bravin akaleta maneno. Kila jioni aliketi mguuni pa kitanda. "Ndugu yangu, ukimaliza kuugua nirudishie bibi yangu, nywele zangu hazina mtu wa kuzifagia." Scovia, kijiko mkononi, alimjibu kwamba afadhali aolewe na ufagio wenyewe. Boaz alishika koo, kwa sababu kucheka kuliuma, akacheka hivyo hivyo, kisha akafungua mdomo apewe kijiko kingine.

Scovia hakuwa mjinga. Alijua kicheko hakizibui koo. Lakini aliona kwa macho yake kwamba mtu akishacheka hutaka kujaribu tena, na siku asipocheka hugeukia ukuta, uji ukapoa.

Mvua za kwanza zilipoanza, Boaz aliomba kutolewa nje. Aliketi kwenye kigoda, blanketi mabegani, akawaonyesha pa kupanda mche wa papai nyuma ya jiko.

"Mwaka haujaisha, tunakula mapapai," akasema.

"Tunakula wewe na nani?" Bravin akadakia. "Uji tu unakushinda."

Jembe likasimama. Hata Liz, mtoto wao wa miaka saba, akaacha kuchezea udongo. Bravin mwenyewe alikuwa ameziba mdomo kwa mkono wenye udongo, kama anayejaribu kulirudisha neno ndani. Boaz akamtazama. Kisha kutoka kwenye lile blanketi ikatoka hu-hu, ikazimika, hu-hu-hu.

"Nyinyi mtakula kwa mdomo," akasema. "Mimi nitakula kwa macho. Nyumba hii tu isinyamaze."

Alifariki mchana, Scovia akiwa jikoni anakoroga. Mpapai ulikuwa na majani manne.

Matanga yalikuja na watu wengi, viti vya kukodi na kelele, yakaondoka navyo vyote. Kilichobaki ni kaburi kando ya nyumba, na Bravin asiyefika mlangoni. Alipita jioni, akaacha samaki juu ya jiwe, akakohoa ili ajulikane alikuja, akaenda zake. Hakumwita Scovia bibi yake. Hakumwita chochote.

Scovia alielewa. Boaz akiwa hai, neno lile lilikuwa kama mbwa aliyefungwa, watoto wanamchezea. Sasa aliyeshika kamba hayupo.

Kisha baba mdogo wao, mzee Cephas, akaitisha kikao. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyelala nje na wanaume siku zote za matanga, na ndiye aliyemnunulia Liz viatu vya mazishi. Waliketi sebuleni: yeye, mama mkwe Bathsheba, Bravin, na Scovia kwenye mkeka. Mzee alianza kwa Kijaluo, kisha akahamia Kiswahili ili Scovia asije akasema hakuelewa.

"Nyumba ya mtoto wetu isipoe," akasema. "Tunataka Mama Liz awe na mtu. Bravin hana bibi. Na wala si jambo geni. Si amekuwa akimwita bibi yake miaka hii yote, Kosele nzima ikisikia?"

Scovia akapiga hesabu kichwani. Bravin akikubali, atapata mume asiyemtaka na kumpoteza ndugu pekee aliyenaye huku. Yeye mwenyewe akikataa vibaya, watasema mwanamke huyu ameikataa nyumba, arudi kwao Migori. Na kaburi litabaki na nani? Akamtazama Bravin. Yule mwenye mdomo mpana alikuwa anahesabu vidole vyake vya miguu.

"Baba," Scovia akasema. "Huyu alisema pia kwamba ugali wangu unaweza kujenga ukuta wa shule. Kama maneno yake yote ni kweli, chukueni mkajenge."

Bathsheba ndiye aliyeanza. Alijificha kwa leso, mabega yakatikisika. Mzee Cephas akajaribu kukunja uso, masharubu yakamsaliti. Na Scovia, bila kujua anafanya nini, alikuwa ameinua kichwa, anaelekeza sikio chumbani. Anangoja.

Pikipiki haikuwaka.

Hapo akalia. Wakati wa mazishi alilia pamoja na watu, kama inavyotakiwa. Sasa alilia peke yake, kwa sauti mbaya, kamasi zikimtoka, na hakuna aliyemnyamazisha.

Bravin akasimama. "Baba, nilimtania kwa sababu alikuwa wa Boaz. Kila nilipomwita bibi yangu, kuna mtu mmoja nilikuwa nataka acheke. Huyo tumezika. Simwachi. Shamba nitalima, Liz nitasomesha. Lakini bibi yangu hayuko katika nyumba hii."

"Na wewe, mama?" mzee akauliza.

"Nakaa hapa," Scovia akasema. "Na mtoto wangu. Na mume wangu yule pale nje."

"Tutaongea tena," mzee akasema, akachukua kofia yake. Hawajaongea tena mpaka leo.

Bravin akarudi kufika mlangoni, lakini amenyooka kama askari. "Habari ya asubuhi, Mama Liz." "Asante kwa chai, Mama Liz." Heshima tupu, na kila heshima ilimchoma Scovia kama kibanzi. Nyumba ilinyamaza hata sufuria zikasikika.

Mpapai ulikuwa umefika kiunoni siku Bravin alipopanda kuziba paa. Scovia alisimama chini na kopo la misumari. Akalitazama kaburi. Akautazama mpapai.

"Yuora," akaita.

Nyundo ikasimama.

"Si mke wa kaka ndiye hutafuta mchumba? Nimekupatia mmoja, kule kwetu. Ana ng'ombe kumi na jino moja."

Kutoka juu: "La juu au la chini?"

"La katikati."

Walicheka, si sana. Yeye chini, Bravin juu, na katikati pakabaki pengo ambapo hu-hu-hu ingeingia. Hakuna aliyelijaza. Wakangoja kidogo, kama mnavyomngoja mtu aliyetoka nje mara moja, kisha Bravin akanyoosha mkono aletewe msumari mwingine.