Viatu vya Mkwe Mlangoni

Viatu vililia kwanza. Kriii, kriii, kriii, vikipanda ngazi za mbao polepole. Theuri, aliyekuwa jikoni akipepea mkaa, alinyanyua kichwa. Mtalii hapandi hivyo. Mtalii hupanda kwa buti za mlimani, kishindo kama ng'ombe anayevuka daraja. Viatu vya kulia namna hii ni vya ngozi ngumu, vya kanisani na mazishini, vile vinavyokaa sandukuni vimejazwa magazeti na kutolewa siku ya jambo.

"Ni yeye," alimnong'oneza mpishi wake. "Gatimu, ni yeye!"

Yeye alikuwa Mzee Kingori wa Endarasha, mkulima wa viazi, baba yake Watiri. Watiri alikuwa na duka la dawa za mifugo ng'ambo ya barabara, na Theuri alitaka kumwoa kuliko alivyotaka kitu kingine chochote duniani, pamoja na friji mpya. Lakini Mzee alikuwa amekataa kuwapokea wazee wa posa mpaka aone kwa macho yake kijana huyu anafanya kazi gani. "Ati Mjapani," alimwambia binti yake kwa simu. "Mjapani wa Kiganjo?"

Ujapani huo ulikuwa na historia yake, nayo ilikuwa fupi. Theuri alifanya kazi Japani, bandarini, akiosha magari makuukuu kabla hayajapakiwa melini kuja Mombasa. Mwaka haukuisha, viza iliisha. Lakini karibu na kituo cha treni palikuwa na izakaya, kibaa cha watu wa kawaida chenye taa nyekundu ya karatasi mlangoni, ambapo wafanyakazi walibanana jioni wakila visahani vya hiki na kile na kumiminiana pombe ya mchele iliyopashwa moto. Theuri alikula pale mara chache, akarudi nyumbani akiwa mtaalamu. Alikodi ghorofa ya kwanza mjini Nanyuki, kwenye ile barabara ambayo watalii hupita wakienda mlimani na wakirudi na midomo iliyopasuka kwa baridi. Akaandika juu ya mlango: IZAKAYA YUKI. Yuki ni theluji, aliwaeleza wageni, na kwa hiyo hata jina la Nanyuki lilitoka Japani. Wageni waliyaandika hayo kwenye simu zao.

Kitu cha Kijapani mle ndani kilikuwa taa, na taa yenyewe ilitoka China. Mchele ulitoka Wang'uru, pishori safi, wa kunukia mpaka barabarani. Lakini pishori ina kiburi. Kila punje inataka kukaa peke yake. Mpishi Gatimu, aliyezeekea kwenye nyama choma, alijaribu kuifinyanga iwe matonge ya pembetatu kama alivyoambiwa, ikamponyoka mikononi kama changarawe. Mwishowe aliishika kwa viazi vilivyopondwa. Watalii wakasema hawajawahi kuonja kitu kama hicho popote, na hilo lilikuwa kweli.

Pombe ya mchele nayo haikupatikana. Basi Theuri alikuwa akinunua muratina kwa mama mmoja wa Chaka, anaipasha moto, anaitia kwenye vichupa vya udongo vyenye shingo nyembamba, na kuiita sake. Muratina ni pombe ya asali, na kwa watu wa Nyeri si kinywaji cha mchezo. Posa haisemi mpaka muratina ifike. Kijana huileta na wazee wake, baba wa msichana humwuliza binti yake mbele ya wote kama ainywe, binti akikubali baba hupiga funda, na neno limekwisha. Ndiyo maana asubuhi hiyo Theuri alikuwa amemwambia Shiro, mhudumu wake, maneno matatu tu: "Mzee apewe chai."

Kriii. Kofia ikatokea, kisha koti, kisha Mzee Kingori mzima, na Watiri nyuma yake.

"IRASHAIMASE!" Shiro na Gatimu walipasua koo kwa pamoja, kama walivyofunzwa.

Mzee aliruka nyuma akashika ukuta. "Nini? Mwizi?"

"Ni karibu, Baba," Watiri alisema. "Wanasalimia."

"Wanasalimia nani? Mtu ako ng'ambo ya mto?"

Shiro aliinama kwa heshima zote za Japani. "Mzee, hapa tunavua viatu."

Mzee alivitazama viatu vyake. Viling'aa mpaka ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. "Viatu hii nimeipaka rangi tangu alfajiri," alisema taratibu, "ndio nije niachie mlango?"

"Vua tu, Baba."

Alivua. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilichungulia kwenye tundu la soksi kuiona Japani. Theuri, aliyekuwa ametoka jikoni kumlaki, alikitazama kidole, kidole kikamtazama, na akajua kwamba jambo hili halitasahaulika Endarasha mpaka wajukuu wazae. Alimwongoza Mzee kwenye meza fupi, akamkalisha kwenye mto chini. Magoti ya Mzee yalilia kuliko viatu.

"Kuku wangu wanalala juu kuliko hapa," alisema.

Shiro alileta kisahani cha minji iliyochemshwa na maganda yake.

"Hizi mbona hazijaambuliwa? Mpishi alichoka?"

"Kule Japani mtu anajiambulia mwenyewe, Mzee," Theuri alisema, kifua mbele.

"Na analipa?"

"Analipa."

Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye akili. Moyo wa Theuri ukapanda. Akakimbia jikoni mwenyewe kusimamia mishikaki ya kuku, maana Gatimu, akiachwa peke yake, hukata vipande vya kushibisha watu wa mazishi, na izakaya ni mahali pa vipande vya adabu. Alikaa huko akibishana naye juu ya ukubwa wa paja la kuku.

Aliporudi na sahani mkononi, alisimama katikati ya chumba kama nguzo ya stima. Mezani palikuwa na kichupa cha shingo nyembamba. Mzee Kingori alikuwa akiweka chini kikombe kidogo, kitupu, na kufuta masharubu. Shiro akainama, akakijaza.

Chai ilikuwa haijachemka. Watalii wa meza ya dirishani walikuwa wameagiza sake, na Shiro, mwenye moyo mwema, aliona aibu mzee wa watu akae akitazama wengine wakinywa.

"Hiki ni cha ngapi?" Theuri alimwuliza Shiro.

"Cha nne. Si ulisema kikombe ya mgeni isikae tupu? Yeye anamaliza, mimi naongeza. Anamaliza, naongeza."

"Na mimi nilikuwa namaliza ndio nisikudharau, msichana," Mzee alimwambia Shiro. "Mtu haachi kinywaji kwa nyumba ya watu." Kisha akamgeukia Theuri. Uso wake ulikuwa mtulivu kama shamba kabla ya mvua ya mawe. "Kijana. Hii ni nini?"

Palikuwa na jibu moja la kweli, na lilikuwa fupi. Lakini watalii walikuwa wamegeuza shingo kusikiliza, na Theuri alikuwa amejijenga kwa miezi mingi, ubao juu ya ubao.

"Ni sake, Mzee. Kinywaji cha Kijapani. Cha mchele."

"Mchele."

"Mchele, Mzee."

"Mchele hii iliumwa na nyuki wa wapi?"

Gatimu, dirishani mwa jiko, alijifunika uso kwa kitambaa cha vyombo. Watiri alikichukua kikombe, akakinusa. Hakuwa mnywaji, siku zote pale aliletewa chai. Alikirudisha mezani polepole, akamtazama Theuri, na hakucheka.

"Nimekunywa," Mzee alisema, na sasa sauti ilikuwa inapanda. "Muratina! Bila mbuzi. Bila wazee. Bila kumwuliza Mami." Watiri alikuwa na jina la bibi yake, mama wa Mzee, kwa hiyo baba yake alimwita Mami tangu alipozaliwa. "Nimekalishwa chini kama mtoto, miguu tupu, nikanyweshwa binti yangu kwa kikombe ya dawa ya kukohoa!"

"Baba," Watiri alisema. "Wewe umeijua muratina tangu lini?"

"Tangu kabla uzaliwe."

"Siulizi hiyo. Hapa, leo. Umeijua kikombe cha ngapi?"

Mzee alikohoa. Alipanga maganda ya minji. "Cha kwanza nilikuwa na shaka."

"Na cha pili?"

"Cha pili nilikuwa nachunguza."

"Cha tatu?"

"Cha tatu," Mzee alisema kwa heshima kubwa, "kilikuwa kimeshajazwa."

"Kwa hiyo mmoja ameniposa bila kunijulisha, na mwingine amenikubalia bila kuniuliza. Wanaume wawili, na mimi nimekaa hapa naambua minji."

"Watiri, nilisema apewe chai," Theuri aliomba. "Uliza Shiro! Niliagiza chai!"

"Aliagiza," Shiro alikiri.

Mzee alitia kidole kwenye ukingo wa kikombe cha nne, akakisukuma mpaka katikati ya meza. Alivuta soksi kuficha kidole, akanyoosha mgongo, na ghafla akawa mkubwa hata pale chini. "Hiki sijagusa. Nimechelewa, lakini nitauliza kama inavyoulizwa. Mami. Ninywe?"

Mkaa ulilia jikoni. Theuri alihisi sahani ya mishikaki ikiwa nzito kama gunia la viazi.

"Usinywe, Baba."

Mshikaki mmoja ulianguka.

"Kumpenda nampenda," Watiri alisema, bila kumtazama Theuri, kama anayeeleza ugonjwa wa ng'ombe. "Lakini ameulizwa jina la kitu kilicho mbele yake, akakikana mara mbili, kwa sababu wageni wanasikiliza. Muratina ameiita mchele. Mimi nikiwa mke wake ataniita nani? Si ataniambia nivae kimono?"

Kimono, joho la Kijapani, kilikuwa chini ya kaunta, bado kwenye plastiki.

"Ameshanunua!" Gatimu aliropoka kutoka jikoni.

Hapo mtalii mmoja wa dirishani, mzee mwekundu wa pua, alinyanyua kichupa na kuomba kingine. Hiyo sake yenu, alisema, ni bora kuliko niliyoinywa Tokyo.

Kila mtu alimtazama Theuri. Ingetosha kutabasamu na kuinama. Mgongo wake ulikuwa umeshaanza kuinama wenyewe, kwa mazoea. Akaunyoosha. Akawaambia kwa Kiingereza chake cha bandarini kwamba ile si sake na haijawahi kuwa sake. Inaitwa muratina. Ni asali ya hapahapa, imechachuliwa na mama mmoja wa Chaka. Na matonge ya mchele yana viazi. Na asili ile ya jina la Nanyuki, hiyo aliitunga mwenyewe.

Watalii walinong'onezana. Mwenye pua nyekundu akauliza kama hiyo muratina imebaki.

"Unaona?" Mzee Kingori alisema kwa uchungu. "Umekuwa ukidanganya bure."

Aliinuka kwa awamu tatu, akaenda mlangoni, akavaa viatu vyake na kuvifunga kamba pasipo haraka, kama mtu anayejirudishia cheo. Kikombe cha nne kilibaki mezani kimejaa. Shiro alikitazama kwa mshangao. Kwa sheria za Japani, mgeni anayeacha kikombe kimejaa anasema ametosheka. Mzee ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzifuata tangu baa ifunguliwe.

Kriii, kriii, viatu vikashuka. Watiri alifuata. Theuri alikimbilia kwenye ngazi, sahani bado mkononi.

"Watiri! Nitakuja Endarasha. Nitaleta wazee."

Watiri alisimama kwenye kidato cha mwisho, akageuka. "Sisikii. Si una sauti ya kupokelea watalii? Itumie."

Barabarani watu walikuwa wanapita, na muuza ndizi alikuwa ameshasimama kutazama. Theuri alivuta pumzi mpaka mbavu zikauma, akapasua koo kuliko alivyowahi kumpasulia mgeni yeyote:

"WATIRI WA KINGORI! NITALETA MURATINA NA NITAIITA MURATINA LANGONI KABLA SIJAULIZWA! NA HAKUNA ATAKAYEINYWA, HATA BABA YAKO, MPAKA WEWE UULIZWE!"