Wageni Kwenye Ukurasa wa Maulida

Siku Fransiska alipoingia dukani, Kulsumu alikuwa amekaa nyuma ya kaunta ya duka la vipuri la baba yake, mzee Halfani, katikati ya mji wa Sumbawanga. Mgeni alikuwa amejitanda kitenge mpaka puani kwa ajili ya baridi ya Juni. Kulsumu hakumfahamu. Alidhani ni mtu aliyetumwa bolti na mumewe.

"Samahani, dada. Wewe ndiye mama Maulida?"

Kulsumu alishtuka. Pale mjini hapakuwa na mtu aliyemwita hivyo. Maulida alikuwa mwanawe wa kwanza. Alizaliwa alfajiri, akalia kidogo, na kabla ya alasiri wakawa wameshamzika. Walimpa jina, wakamswalia, wakarudi nyumbani. Watu walikuja kutoa pole, na karibu wote walikuja na neno lile lile: "Utapata mwingine." Mumewe, Amin, alirudi kwenye lori lake, akawa anashinda zaidi Kasesya mpakani kuliko anavyoshinda nyumbani. Kulsumu akabaki na maziwa kifuani na hana wa kumnyonyesha.

Ndipo alipofungua tovuti. Mambo ya kompyuta alikuwa amesomea chuoni Mbeya, kwa hiyo hakuhitaji fundi. Aliandika habari za mwanawe kwa maneno machache, akatia sahihi "mama Maulida, duka la vipuri, Sumbawanga", na chini yake akaweka kisanduku cha maoni, cha bure, cha kampuni moja ya ng'ambo. Hakutegemea kwamba kuna mtu angekiandikia. Lakini walikuja. Alianza mwanamke wa Namanyere, akafuata wa Tunduma, kisha wengine ambao hawakutaja wanakotoka. Kila mmoja alimtaja mtoto wake, na mwingine akamjibu. Humo hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba atapata mwingine.

"Mimi ni Fransiska," mgeni akasema. "Wa kule Izia. Niliandika habari za mtoto wa kiume, mimba ya miezi saba."

"Nakukumbuka!" Kulsumu akazunguka kaunta upesi, akamshika mikono yote miwili. Fransiska akaitoa mikono yake polepole.

"Dada, sikuja kusalimia. Nimekuja kukuuliza, habari zangu umewapa akina nani?"

Akaeleza, amesimama vile vile, kiti amekikataa. Yeye na mumewe Fabiani walikuwa wakitumia simu moja. Siku za karibuni kila alipotoka kusoma ukurasa wa Maulida, simu ilianza kuleta matangazo: vitanda vya watoto, chupa za maziwa, nepi, vinguo vidogo vya rangi ya samawati. Tangazo moja lilisema, "Hongera, mama mtarajiwa." Fabiani akayaona. Alidhani mkewe ndiye aliyekuwa akivitafuta vitu hivyo, na kwamba anasubiri wakati wake ili aseme. Kwa furaha hakumuuliza. Alikwenda kijijini akamwambia mama yake.

"Jumapili tumetoka kanisani, namwona mama mkwe amefika na unga wa ulezi, na kuku, anapiga vigelegele tangu njiani. Ananiambia, kunywa uji, mwanangu, safari hii Mungu amekumbuka. Ikabidi niseme mbele ya wote kwamba tumbo langu halina kitu." Akaegemea kaunta. "Akauweka ule unga chini taratibu, kama mtu aliyebeba mayai. Na Fabiani akachukua jembe akatoka. Jumapili, dada! Fabiani hajawahi kushika jembe Jumapili."

"Wallahi sijamwambia mtu yeyote, Fransiska."

"Basi wamejuaje?"

 Fransiska akajifunika kitenge vizuri, akaaga, akaondoka.

Mchana ule ule Kulsumu alifungua kompyuta yake ndogo juu ya kaunta, kati ya mafuta ya breki na mikanda ya feni. Kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti, kina mahali pa kuonyesha ukurasa unapofunguka unawasiliana na nani. Alitegemea kuona jina la tovuti yake na majina mawili matatu anayoyajua. Akaona msururu. Majina ya makampuni ya matangazo asiyowahi kuyasikia yalikuwa yakiitwa moja baada ya jingine, na kila moja likiacha alama yake kwenye simu ya msomaji ili limtambue hata akienda kwingine.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba tovuti yake imeingiliwa na wezi. Akabadilisha nenosiri. Akapitia faili moja moja akitafuta mstari ambao si wa mkono wake, asiuone. Akaipigia simu kampuni ya Dar es Salaam inayomtunzia tovuti. Kijana wa huko akakagua, akamwambia seva ni safi. Akafungua tena ukurasa. Wale wageni wa matangazo walikuwa bado wamo.

Jioni Amin alirudi kutoka Kasesya, akamkuta ameinamia kompyuta, chakula hakijapikwa. Kulsumu akamsimulia yote.

"Si uifunge tu," Amin akasema.

"Nikiifunga, wale wanawake waende wapi?"

"Walikuwa wapi kabla?" Akavua viatu bila kumtazama. "Mtoto amekwenda, Kulsumu. Kwa nini unamweka huko watu wamkanyage?"

Kulsumu aliinuka. Aliondoka akaenda jikoni, akasimama mbele ya jiko ambalo hajaliwasha.

Asubuhi yake alianza upya, safari hii kwa utaratibu. Tovuti yake ilikuwa imeungwa kwa vipande, na kila kipande kina kazi yake. Alikizima kimoja, akafungua ukurasa, akatazama msururu, akakirudisha, akaenda kwa kingine. Alizima cha picha. Wageni wamo. Akazima kile cha kupamba maandishi. Wamo. Akazima cha kuhesabu wasomaji, ambacho ndicho alichokishuku tangu mwanzo, na kwa muda moyo ukampoa, lakini majina yakatokea tena yote. Kikabaki kisanduku cha maoni. Alikuwa akikiruka, na alijua kwamba anakiruka.

Akakizima. Akafungua ukurasa. Msururu ukanyamaza. Palibaki jina la tovuti yake peke yake, na kwenye ukurasa maneno aliyomwandikia mwanawe, na chini yake peupe.

Kikulacho ki nguoni mwako. Alipotafuta kwenye barua pepe alikuta kampuni ile ya kisanduku ilikuwa imemwandikia zamani. Imeuzwa, ina mwenyewe mpya, masharti yamebadilika, na wasomaji sasa "watapata matangazo yanayowafaa". Alikuwa ameipita barua ile kama watu wote wanavyozipita. Na tangu hapo kila aliyefungua ukurasa wa Maulida, hata asipoandika neno, kisanduku kilimwita mtu wa kumtazama. Mashine ikaona mimba, ikaona mtoto, ikaona hospitali, ikampanga msomaji kati ya wanaotarajia kujifungua. Neno kaburi lilikuwa mle mle, limeandikwa mara nyingi kuliko yote. Mashine haikuwa na cha kumuuzia mtu kwa neno hilo.

Kulsumu alilia pale dukani, mzee Halfani akijifanya anapanga bolti ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Aliyahamisha maneno ya wale wanawake kwenye kompyuta yake, akakiondoa kisanduku moja kwa moja. Akakifuta chote, asije akakirudisha kwa kuwahurumia. Kisha akaandika juu ya ukurasa, bila kujitetea, kilichotokea na jinsi mtu anavyoweza kuzifuta zile alama kwenye simu yake. Akaomba radhi. Akaweka kisanduku kingine, kinachokaa humo humo ndani ya tovuti na kisichoita mtu. Mwanamke wa Tunduma akaandika: "Asante kwa kusema ukweli. Lakini naogopa kuandika tena." Wengine walikaa kimya.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, alimwambia Amin anakwenda Izia. Amin akachukua funguo za pikipiki, akasema, "Nitakupeleka."

Waliwakuta wote nyumbani: Fransiska, Fabiani, na mama mkwe, bibi Avelina, ambaye hakuwa amerudi kijijini tangu Jumapili ile. Mahindi yalikuwa yameanikwa uani.

"Shikamoo, mama," Kulsumu akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni mkae."

Akawaeleza. Alijitahidi asitumie maneno ya kompyuta. Alisema kwamba alijenga baraza la wafiwa, akakaribisha mtu wa kulifagia, kumbe yule mtu alikuwa akiwasikiliza wanaolia kisha anakwenda kuwauza sokoni. Fabiani alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo zile picha hakuzitafuta yeye," akasema.

"Hakuzitafuta, kaka. Zilimtafuta yeye."

"Na mimi nikaenda nikatangaza." Fabiani akafuta uso kwa kiganja. Hakumtazama mkewe, lakini alisogeza kigoda chake karibu na alipokaa Fransiska.

 Bibi Avelina akauliza, kwa Kiswahili chake chenye Kifipa ndani yake.

"Wenu mlimpa jina?"

Kulsumu alifungua mdomo. Akasikia sauti nyuma yake.

"Maulida," Amin akasema. "Alikuwa anaitwa Maulida. Nilimbeba mwenyewe mpaka kaburini. Alikuwa mwepesi, mama." Akatoka nje kwenye pikipiki.

Tangu siku ya msiba Kulsumu hakuwa amelisikia jina lile kinywani mwa Amin.

Walipokuwa wanaagana Fransiska alimsindikiza Kulsumu mpaka barabarani.

"Yale maneno yangu bado unayo?"

"Ninayo. Ukitaka nitayarudisha kwenye ukurasa. Hayatatazamwa na mtu mwingine."

"Usiyarudishe. Yafute." Akavuta pumzi. "Sina hasira na wewe, dada. Ila yale niliyasema nikidhani tuko wenyewe."

Kulsumu alitaka kumwambia kwamba anayajua kwa moyo, kwamba usiku mwingine yalimlaza. Akapanda pikipiki. Alipofika nyumbani aliyatafuta kati ya mengine, akayasoma mara ya mwisho, akayafuta.

Ukurasa wa Maulida upo mpaka leo. Mara moja moja mwanamke asiyejua habari zile huandika, na Kulsumu humjibu siku hiyo hiyo. Fransiska hukutana naye sokoni wakati mwingine, wakasalimiana, wakaulizana habari za mvua na mazao, kila mtu akashika njia yake. Na Amin, akiwa Kasesya, lori limekwama kwenye foleni ya forodha, huufungua ukurasa ule kwenye simu yake. Hajawahi kuandika neno. Kulsumu anajua kwamba mumewe huusoma kwa sababu alimwona siku moja kitandani, amemgeuzia mgongo, mwanga wa simu ukutani, naye Kulsumu akafumba macho ajifanye amelala.