Kitasa Haombi Radhi

Jumatatu asubuhi Kitasa alikuta mlango wa karakana yake umeandikwa kwa chokaa: PAZIA. Herufi kubwa kama za tangazo la mnada, na ile Z imegeuzwa. Akaitazama, mkebe wa vijiti vya kuchomelea kwapani, akasema peke yake, "Hata kutukana kwenyewe hawajui kuandika." Hakufuta. Alifungua, akavaa miwani yake nyeusi, akaanza kazi.

Sasa, kumwita mtu Pazia si jambo dogo. Kwa miaka minne walimwita Kitasa, na si bure. Mchana anachomelea mageti na madirisha ya chuma. Jioni anavaa jezi namba tano, anasimama katikati ya mabeki, na straika akifika kwake amefika kwenye geti lililofungwa, arudi alikotoka. Leo kwa mechi moja tu, tena sekunde tatu za mechi moja, kawa pazia. Upepo ukipuliza kidogo, linafunguka lenyewe.

Sekunde zenyewe ni hizi, za jana yake Jumapili. Dakika ya themanini na nane, uwanja wa nyumbani, sifuri kwa sifuri, na sare ilikuwa inatosha kupanda daraja. Wageni wakapiga mpira mrefu, ukadunda mbele ya Kitasa. Mpira wa kuondoa huku unapiga miayo. Ghafla, prrriii! Filimbi. Kitasa akasimama, akanyoosha mkono juu kama mtu mwenye adabu zake. Kipa, ambaye wanamwita Mikono, naye akasimama, akainama kabisa auokote mpira auweke pa kupigia. Straika wa wageni, ama hakusikia, ama alisikia akajifanya kiziwi, akapita katikati yao kama mtu anayekwenda dukani, akausukuma wavuni. Refa akaonyesha kati. Bao.

"Refa, si umepuliza!"

"Nimepuliza nini? Filimbi yangu hii hapa mkononi, haijagusa mdomo."

Jioni ile ile spika ya mashabiki ikazungushwa mitaani juu ya pikipiki: "Wameuza mechi! Kitasa na Mikono wameuza mechi!" Na aliyeishika spika, usishangae, ni mjomba wake Kitasa. Mjomba wa damu, kaka wa mama yake, mwenyekiti wa mashabiki, mtu yule yule aliyemnunulia Kitasa viatu vyake vya kwanza vya mpira.

Ilibaki mechi moja, Jumapili, na sasa ilikuwa lazima washinde. Mashabiki wakampa kocha sharti. Jumamosi, kwenye mkutano wao, wale wawili wasimame mbele za watu, wakiri, waombe radhi. La sivyo Jumapili hakuna shabiki atakayekanyaga uwanjani. Kocha ni mtu asiyeweza kugombana na mtu hata ndotoni. Akawaita wachezaji wake, akasema, "Ombeni tu, wanangu. Kuomba radhi hakupunguzi kimo. Ila asiyeomba, Jumapili mechi ataitazama kutoka benchi."

Jumatano Kitasa akapita kwa Mikono, ambaye mchana ni kinyozi. Viti vitatu, vyote vitupu. Mashine ya kunyolea ilikuwa inanguruma, Mikono anajinyoa mwenyewe ndevu kwa kukosa wa kumnyoa.

"Mimi naomba radhi," akasema kabla hata hajasalimiwa. "Nimeshaandika." Akatoa karatasi mfukoni.

"Umeandika nini?"

"'Mimi kipa nilipitiwa.'"

"Ulipitiwa na nini?"

"Na shetani. Hiyo kaongeza mke wangu. Kasema shetani hana wa kumtetea, tumbandike yeye."

Kitasa akacheka mpaka akashika kiti. Halafu akaacha. "Niambie kweli. Filimbi uliisikia, hukuisikia?"

"Niliisikia."

"Basi shetani gani? Siku hizi shetani anachezesha mpira?"

Mikono akazima mashine. "Ndugu yangu, nina watoto wawili na viti vitatu vitupu. Ukweli hauna nywele, siwezi kuunyoa."

"Sawa. Ila mimi siombi. Leo nikiomba radhi kwa kosa nisilolifanya, kesho nitaombeshwa kwa nini mvua hainyeshi."

Alhamisi jioni akaenda kwa mama yake. Akamkuta mama anapiga pasi, na mjomba kajaa kwenye kiti kikubwa, anasugua kitu kwa upindo wa shati.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeshaandaa maneno ya Jumamosi, au nikuandikie?"

Macho ya Kitasa yalikuwa kwenye kile kitu. Filimbi. Mjomba na filimbi ni kama jogoo na kuwika, hilo kila mtu anajua. Kila wimbo wa mashabiki ni yeye anauanzisha, anapuliza mara moja, ndefu, kisha ngoma zinaitikia. Lakini filimbi yake ilikuwa ya plastiki ya kijani, inalia kama kifaranga. Hii ilikuwa ya chuma, inang'aa.

"Ile ya kijani iko wapi?"

"Ilipasuka. Hii nimeinunua wiki iliyopita, kabla ya mechi." Mjomba akainua juu ili taa iiguse. "Ya refa kabisa! Ukiipuliza hii, uwanja mzima wanakujua."

"Jumapili ulikaa wapi, mjomba?"

"Nyuma ya goli lenu, pale pale pangu. Niliwaona mlivyolala."

"Dakika ile ya bao mlikuwa mnaimba nini?"

"Tulikuwa ndiyo tunaanza ule wa *Geti limefungwa*. Wimbo wako mwenyewe, mtoto usiye na aibu! Nimepuliza tu, ngoma hata haijaitikia, mmeshafungwa."

Pasi ikasimama. Ikaja harufu ya shati lililoanza kuungua. Mama akaishtukia, akainyanyua pasi.

"Mjomba," Kitasa akasema pole pole, "hebu rudia hapo."

"Nirudie nini?"

"Hapo uliposema umepuliza."

Mjomba si mjinga. Uso ulimbadilika kwanza, maneno yakafuata. "Miaka ishirini napuliza, leo ndiyo iwe kosa? Filimbi yangu ndiyo inayowapa nguvu nyinyi! Mnauza mechi halafu mnatafuta wa kumtwisha!" Akasimama, akavaa ndala, moja yake, moja ya mama. Mlangoni akageuka. "Ukilisema hilo mbele za watu, mimi sina mpwa."

Alipotoka, mama alipiga pasi mkono ule ule wa shati mara tatu.

"Ni kaka yangu, sina mwingine. Usimvue nguo mbele za watu."

"Na mimi, mama? Mimi nimevuliwa kwa spika, mtaa mzima."

"Nimesikia. Nina masikio." Akaweka pasi chini. "Usimtaje. Ila magoti usipige. Sikuzaa mtu wa kuupigia uongo magoti."

Usiku mzima Kitasa alilitafuna hilo: usimtaje, usipige magoti. Ni kama kuambiwa chomelea geti bila moto.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa kwenye madirisha. Madirisha yenyewe aliyachomelea Kitasa, nondo kwa nondo, na yanatazama uwanjani. Huko nje timu ya wanawake ilikuwa mazoezini, wamegawana kumi na moja kwa kumi na moja, mwalimu wao akiwachezesha.

Mjomba alishika spika, filimbi ya chuma kifuani. Hakumtazama mpwa wake. "Haya! Aanze kipa!"

Mikono akafungua karatasi yake. "Mimi kipa nili... nili..."

"Ulikula!" mtu akamalizia, ukumbi ukaangua kicheko.

Kitasa akamwekea mkono begani. "Kaa, ndugu yangu. Shetani asubiri kidogo." Akasogea mbele.

"Pazia! Pazia! Pazia!"

"Siombi radhi," Kitasa akasema. Hakupiga kelele, ila sauti ya mtu anayeshindana na mashine ya kukatia chuma kila siku haihitaji spika. "Nilisikia filimbi, nikasimama. Nikiisikia kesho, nitasimama. Ila kabla hamjanifukuza, nina ombi moja. Niimbieni wimbo wangu, mara ya mwisho. *Geti limefungwa*. Uanzishwe kama siku zote."

"Mwimbieni, tumzike!" mmoja akadakia, na wote wakapokea. Ngoma zikavutwa. "Mwenyekiti, puliza! Puliza! Puliza!"

Mjomba akamtazama mpwa wake, sasa akamtazama kweli. Kitasa hakupepesa. Angeweza kukataa, yule mzee. Angesema koo linamuuma. Akaweka filimbi mdomoni, akapuliza kidogo, fyuu, kama mtu anayepoza chai.

"Aah! Mwenyekiti leo hujala?" wakamzomea.

Hapo ndipo kiburi cha miaka ishirini kilipomshinda. Akavuta pumzi mpaka vifungo vya shati vikalia.

Prrriii!

Kabla ngoma ya kwanza haijaitikia, nje mpira ulisimama. Winga aliyekuwa anakimbilia goli aliganda, mguu juu ya mpira. Mabeki wawili walinyoosha mikono juu. Kipa wao akatembea taratibu, akainama, akauokota mpira kwa mikono yake miwili, vile vile, jamani, vile vile kama Mikono. Na mwalimu wao, filimbi yake inaning'inia shingoni, akageuka huku na huku.

"Nani kapuliza? Mimi sijapuliza!"

Kitasa alionyesha dirishani kwa kidevu, basi.

Winga akaja mpaka kwenye nondo, jasho linamtiririka. "Nyinyi humo ndani wenye filimbi! Nilikuwa nafunga mimi! Bao langu nani atanirudishia?"

Unajua, mtu anayekoroma hajisikii. Ukumbi mzima ulikuwa umekoroma miaka ishirini. Mpiga ngoma mkubwa alikuwa bado kashika mkono juu, hajui aushushe wapi. "Jumapili," akasema, "nilisimama pembeni yake. Alipuliza hivi hivi."

"Lakini mchezaji mzuri anamtazama refa!" akapayuka mmoja wa nyuma. Huwa hakosekani.

"Wewe nyamaza," akaambiwa. "Wale wasichana ishirini na wawili nao wameuza mazoezi?"

Mjomba akaiweka spika mezani kama inaunguza. Akamsogelea Kitasa, karibu kabisa, mdomo sikioni. "Mpwa wangu, yaishe. Nimekosa. Nisamehe."

Pale Kitasa angeweza kulainika. Viatu vile vya kwanza alivikumbuka, hata rangi ya kamba. Akamshika mjomba mkono kwa heshima zote.

"Mjomba, mimi ulinitukana kwa spika. Usiniombe radhi kwa kunong'ona. Na hatuko wawili humu, yupo na huyu kinyozi."

Akamwachia mkono, akapita katikati ya watu. Waliomwita Pazia walibana miguu kumpisha. Mlangoni kocha akaanza, "Sasa, mwanangu, kuhusu kesho..."

"Kesho nacheza, kocha. Sikuulizi."

Nje akaketi kwenye ngazi, akatoa viatu vyake vya mazoezi kwenye mfuko aliokuja nao. Mikono akamfuata, karatasi bado mkononi. "Na hii niifanyeje?"

"Mrudishie mkeo. Mwambie shetani ameshinda rufaa."

Nyuma yao spika ikakwaruza. Ikanyamaza. Ikakwaruza tena.

"Moja, mbili," ikasema sauti ya mjomba, haina nguvu kabisa. "Moja, mbili. Mtaani huko mnanisikia?"

Kitasa hakugeuka. Akafunga kamba za kiatu cha kushoto, kisha cha kulia, taratibu, fundo juu ya fundo, ili asikilize mpaka mwisho.