Jina la Zizini

Jabez Thorne ndiye aliyempandisha Rupert Aldworth juu ya farasi kwa mara ya kwanza, mtoto hajang'oa hata jino. Zizini alimwita Tib, kama mama yake alivyomwita, maana kwa jina jingine haitiki. Kisha Tib akakua, akawa kapteni katika kikosi cha farasi, na Jabez akawa askari wa kumtunzia farasi. Siku wanakwenda vitani mama mtu alimwambia Jabez neno moja tu: "Unirudishie."

Tangu hapo ilikuwa "Kapteni, bwana." Jeshi la Waingereza lina mambo yake. Unaweza kumvua afisa buti na kumwogesha akiugua, lakini kumtaja kwa jina la utotoni mbele ya watu ni kumvua nguo.

Mara moja, kule Ufaransa, Jabez alijisahau. "Tib, funga kifungo." Maafisa wenzake walicheka mpaka chai ikawapalia.

"Tib, uji umeumaliza?"

"Mwacheni Tib wa watu, atalia."

Wiki nzima hiyo. Kapteni akamvuta Jabez pembeni. "Ukirudia, Thorne, nakurudisha nyumbani."

"Sirudii, bwana."

Mwezi Machi walitumwa kuuteka msitu. Farasi walikwisha shika mbio ndipo tarumbeta ikawaita warudi: mbele kulikuwa na seng'enge, na nyuma yake bunduki za rashasha. Kikosi kikageuka. Kapteni Aldworth, aliyetangulia, hakusikia.

Jabez akamkimbiza farasi wake nyuma yake. "Kapteni! Kapteni, bwana!" Uwanja mzima ulikuwa ukiita vivyo hivyo. Lile jina jingine likamfika kooni. Akawaona askari waliokuwa wakigeuza farasi kando yake, akalimeza. Mungu amsamehe, alilimeza. Kapteni akaingia kwenye seng'enge mzima mzima na farasi wake, na risasi zikawamaliza wote wawili.

Bi Aldworth, mama mtu, alimpokea Jabez akiwa amesimama. Habari za ushujaa hakuzitaka.

"Hukumwita, Thorne?"

"Nilimwita, bi mkubwa. Kwa nguvu zangu zote."

"Ulimwitaje?"

Jabez aliizungusha kofia mikononi. "Kapteni."

"Na makapteni walikuwa wangapi pale?"

"Watatu, bi mkubwa."