Mkono wa Kompyuta ya Tatu

Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi, mshona mashuka wa hospitali aliketi mbele ya kompyuta ya tatu katika chumba cha kompyuta cha hospitali, pochi mapajani, miwani puani. Mumewe, dereva wa gari la wagonjwa, alikuwa amefariki miezi miwili nyuma, na nyumba waliyokaa ilikuwa ya kazi ya marehemu. Fomu ya kuomba aendelee kukaa ilikuwa ndani ya kompyuta hiyo, na mwisho wa kuijaza ulikuwa saa sita mchana.

Juu ya kompyuta palitundikwa kibao: ASIYEJUA ASIGUSE. Kioo kilikuwa cheusi tii, kina kistari kimoja cheupe kinachopepesa.

"Mwanangu, hapa naanzia wapi?"

Fundi wa kompyuta hakugeuka. "Hiyo ni Linux, mama, programu ya kuendeshea kompyuta. Haina mwenyewe, ni ya watu wote."

"Na mimi nimo?"

"Umo. Soma tu maelekezo."

Maelekezo yalikuwa ndani ya kompyuta. Namna ya kuyafungua ilielezwa kwenye ukurasa wa kwanza wa maelekezo hayo.

Mama alitaja jina la Mungu kimoyomoyo, akabonyeza kitufe kimoja. Mkono ukatoka kwenye kioo. Ulikuwa wa kulia, wa mtu mzima, kucha fupi, unanukia sabuni ya kufulia. Ulimwamkia, kisha ukamshika kidole kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni, ukakipeleka herufi hadi herufi. Alipokosea, ulisubiri. Alipofika penye hali ya ndoa akakwama, ulimpapasa kiganja mpaka akaandika.

"Taratibu, ndugu yangu," mama aliuambia. "Macho haya si ya juzi."

"Shoga, ukimaliza usiuache ukaenda zake," alisema mwanamke aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni. "Hata mimi nina fomu."

Fundi alikuja, akautazama. "Huu haumo kwenye orodha ya vifaa." Akaandika: mkono, mmoja, wa kulia. Akarudi kitini kwake.

Saa tano na dakika arobaini mama aliichapisha fomu, akamfikishia karani wa nyumba za hospitali. Karani aliisoma mara mbili.

"Imejazwa vizuri kuliko zote mwaka huu."

"Mungu mwema, baba."

"Ila kanuni inataka mwombaji ajaze mwenyewe, bila kusaidiwa. Kwenye orodha ya fundi naona mkono. Huo uliokuongoza ni wa nani?"

Mama hakuzoea kusema uongo. "Wa kompyuta ya tatu."

"Basi kompyuta ya tatu ndiyo iliyoomba nyumba," alisema karani, akagonga muhuri.

Jumapili, baada ya ibada, mama alihamia kwa dada yake. Nyumba iliandikwa kwa jina la kompyuta ya tatu, ikafungwa kufuli.

Jumatatu alirudi kuandika rufaa. Mkono ulimvutia kiti, ukampokea pochi. Kisha, kwa kuwa haukupenda mgeni akae penye vumbi, ulijinyoosha kidogo juu, ukakipangusa kile kibao cha ASIYEJUA ASIGUSE mpaka kikang'aa.