Shija, Nakala ya Tatu

Begi la Isakwisa lilikuwa limeegemea mlango wa chumba cha seva tangu asubuhi, na kila aliyepita alijikwaa nalo akaomba radhi. Ndani mlikuwa na nguo chache na blanketi jipya la mama yake, aliyekuwa mgonjwa sana huko Tukuyu. Basi la Mbeya lilikuwa limeshaondoka. Likizo hiyo aliipigania tangu Krismasi, ikaja kusainiwa Ijumaa, na Jumapili mchana radi ikapiga hospitali. Watu wa Sumbawanga wana mengi ya kusema kuhusu radi na nani kaituma, lakini Isakwisa hakuwa na nguvu hata za kumshuku mtu.

Hospitali ilikuwa ya misheni, kule Katandala, na kila kitu chake kilikaa ndani ya mashine moja kubwa. Humo mliishi seva tisa zisizoshikika kwa mkono, kama wapangaji wa nyumba moja: hii ya majina ya wagonjwa, ile ya dawa, nyingine ya maabara, nyingine ya eksirei. Mashine hiyo iliitwa Kulwa. Pacha wake, Doto, alikaa Kasanga, kwenye zahanati ya hospitali hiyohiyo kando ya ziwa, na kila kilichoandikwa kwa Kulwa kiliandikwa kwa Doto papo hapo. Majina aliyatoa katibu wa hospitali, Mzee Zephania, siku ya uzinduzi, kwa sala na soda.

Na majina hayo ndiyo yaliyowaponza. Nani asiyejua malezi ya pacha? Huyu akinywa uji, yule naye anywe uji. Huyu akinyolewa, yule naye anyolewe. Wote waliridhika, wakalala usingizi. Isakwisa peke yake aliuliza itakuwaje mmoja akinywa sumu, akaomba nakala ya tatu iliyojitenga, isiyoiga chochote. Mzee Zephania alicheka. "Pacha tunao, Isa. Wa tatu wa nini?"

Basi akachukua diski ya kompyuta iliyokwisha kustaafu, akaiita Shija, jina la mtoto anayewafuata pacha. Kila Jumamosi alinakili seva zote tisa, na mkewe Rozina akaipeleka diski mtaa wa Izia kwa mama mzazi wa Rozina, ikakae ndani ya debe la mbegu za ulezi. Katika nyumba ile hakuna kitu kinacholindwa kama mbegu.

Radi haikumuua Kulwa. Ilimtia wazimu. Akaanza kuandika upuuzi mtupu, na Doto, mtiifu wa watu, akaunakili upuuzi ule neno kwa neno. Jumatatu wauguzi walipofungua mfumo walikuta majina yasiyo na dawa na dawa zisizo na majina, na nje wagonjwa wa kifafa na wa moyo wamejaa kwenye mabenchi.

Mzee Zephania hakuja kuamuru, na hilo ndilo lililomchosha Isakwisa zaidi. Alikuja ameshika kofia mkononi. "Mwanangu, ukiondoka leo, nani mwingine anaweza kuurudisha mfumo?"

Isakwisa alimtazama Salome, msaidizi wake, na Salome akatazama sakafu. Tangu aajiriwe alikuwa akiomba kufundishwa kurejesha seva, na kila mara Isakwisa alimjibu: "Acha, nitafanya mwenyewe, ni haraka zaidi." Na kweli ilikuwa haraka zaidi. Alikipa kila kitu nakala tatu katika hospitali ile, isipokuwa yeye mwenyewe, na sasa hasira aliyokuwa nayo haikuwa na mtu wa kumwangukia ila yeye.

"Nitaondoka na gari la mchana," alisema.

Simu ikaita. Alikuwa mdogo wake, Jafeti.

"Kaka, uko wapi?"

"Bado kazini. Mama vipi?"

"Anakuulizia. Namwambia atakuja, anacheka kidogo, anasema hilo si jibu, hilo ni jina lake."

Isakwisa naye alicheka, na kucheka kukamuuma. Kwa Kinyakyusa jina lake maana yake ni hiyohiyo: atakuja. Alizaliwa baba yake akiwa safarini, majirani wakawa wanamwuliza mama mumeo yuko wapi, naye akachukua jibu lake akampa mtoto.

Rozina, aliyetumwa Izia, alishuka kwenye bodaboda na Shija kifuani, amefungwa kwenye kitenge. "Baba Timoth, umeachwa na basi," alisema taratibu. Chembe za ulezi zilidondoka mezani alipoifungua. Isakwisa alizipangusa kwa kiganja, akaichomeka diski, akasubiri. Ilisoma. Nakala ya Jumamosi ilikuwa nzima.

Kurejesha ni kazi ya kungoja. Unafuta ule wazimu wote, unarudisha seva moja, unaiwasha, unaikagua, ndipo unagusa inayofuata. Ya majina kwanza, ya dawa baadaye, ukikosea mpangilio unaanza upya. Alirudisha ya kwanza. Kwenye ya pili macho yalianza kumdanganya, mara mbili akabonyeza pasipo pake. Alikuwa amechoka uchovu wa miaka, si wa siku moja. Akainuka.

"Kaa wewe," alimwambia Salome.

Alimwelekeza ya pili hatua kwa hatua. Ya tatu alisema maneno machache. Ya nne hakusema kitu, maana Salome hakuuliza. Vidole vyake vilikwenda polepole, kwa mpangilio, bila kosa, na Isakwisa akasimama nyuma ya kiti akimtazama. Asubuhi moja tu ingetosha. Asubuhi moja, mwaka jana au juzi, na leo angekuwa ameshapita Tunduma.

"Nenda, kaka Isa," Salome alisema bila kugeuka. "Zilizobaki nitazimaliza."

Alichukua begi. Kwenye dirisha la dawa nesi alikuwa ameanza kuita wagonjwa kwa majina, na Mzee Zephania, kofia imerudi kichwani, alimpungia mkono kwa furaha. Simu iliita kabla hajafika getini.

"Kaka," Jafeti alisema.

Isakwisa aliliweka begi chini.

"Ametutoka sasa hivi. Hakuteseka. Mwishoni alikuwa anasema neno moja tu, Isakwisa, Isakwisa. Watu hapa wanabishana. Hatukujua kama alikuwa anakuita, au alikuwa anatuambia sisi tusubiri, atakuja."

Nyuma ya Isakwisa nesi aliita jina jingine, na mgonjwa akaitika.